Dakika Nne na Nusu

Joto nalijua. Miaka thelathini na mmoja
nililisha matanuri ya Karviná,
koleo baada ya koleo, makaa ya mawe,
na mji mzima ukaoga maji ya moto.
"Usinifundishe joto," nilimwambia Thùy,
binti wa duka la pembeni, miaka kumi na mitatu,
alipoinamia boti yangu ingali ikichuruzika
akafungua kifuniko bila hata hodi.

Akaweka kidole juu ya mota.
Moja, mbili…
akakiondoa, akakipuliza.
"Mzee Bohumír, humu unakaanga mayai."

Bwawa letu halikuchimbwa.
Mgodi ulichoka huko chini, ardhi ikaketi,
mvua ikaja ikakuta bakuli.
Chini ya maji lipo shamba la viazi la mjomba wangu
na kipande cha reli kisichokwenda popote.
Juu yake, kila Jumapili, wazee wazima
tunakimbiza boti zenye urefu wa mkono.
Yangu nyekundu. Niliipachika propela kubwa
kuliko ilivyostahili, kwa sababu moja tu:
Ctirad ana ya buluu, na Ctirad hunicheka.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa radi.
Ya tatu ikakohoa.
Ya nne, katikati ya maji, kimya,
nami nimesimama na rimoti
kama mtu aliyekatiwa simu.
Niliivuta kwa ndoano ya samaki. Betri imevimba,
tumbo la chura,
na waya zimelegea kama tambi.

"Propela hii," akasema Thùy, "inauma tonge
isiloweza kumeza.
Umeme usiogeuka mwendo
hugeuka moto."
Nikataka kubisha. Nikakumbuka majivu,
toroli kwa toroli, nilivyoyasukuma nje alfajiri.

Kisha akautafuta mrija,
ule unaonywa maji penye usukani,
ukaizunguka mota, ukayatema ubavuni.
Akauvuta kwa mdomo. Akatema uzi wa mwani,
mfupi, kijani, si mnene kuliko kope.
Huo tu.
"Ukiiendesha, tazama ubavuni," akaonya.
"Boti nzima ni ile inayokojoa.
Isipokojoa, irudishe upesi."
Nilicheka mpaka nikashika mti.
Daktari wangu, Jumanne ile ile,
alikuwa ameniuliza habari hizo hizo.

Betri mpya. Propela ndogo, milimita nne pungufu.
Akanifunga mkononi saa yake ya plastiki
yenye kitufe cha waridi:
dakika nne na nusu.
"Ikilia, geuza. Hata ukiwa mbele.
Betri haikombwi kama sufuria."

Jumapili iliyofuata nilikuwa mbele.
Niseme ukweli, mbele kwa kidogo, pua tu,
ubavuni mshipi mwembamba wa maji
uking'aa wakati wote. Kona ya mwisho imebaki
saa ikalia.

Nilikaza kidole. Nilikilegeza.
Kinuni, mshale ulipoingia kwenye wekundu
meneja alitupigia makofi;
hakuna aliyewahi kunisifu
kwa moto nilioubakiza.

Nikageuza.

Ctirad alipita akipiga mluzi. Boti yake haikuzimika,
kama mnavyotarajia. Haikuungua.
Ilifika, ikashinda, akanunua bia
akanipa ya kwanza, mshenzi yule.

Nikafungua kifuniko. Nikaweka kidole.
Moja, mbili, tatu, nne…
nilifika kumi na saba nikaacha kuhesabu.
Vuguvugu, kama mkate uliofunikwa kitambaa.
Thùy akapima betri, seli kwa seli:
tatu nukta nane, tatu nukta nane, tatu nukta nane.
Hakuwa na karatasi.
Akaiandika namba kwenye kiganja changu,
penye sugu ya koleo,
kalamu ikateleza, akarudia.